Una SUV ya saizi ya kati na unataka trela la kulala? Soma stika ya mlangoni kwanza

#1 Mleta uzi

Wakuu, swali la trela gani linafaa kuvutwa na SUV ya kawaida ya familia linarudi kila mara, na jibu linalotolewa haraka ni moja: angalia uwezo wa kuvuta wa gari, ukinunua trela lililo chini ya hapo uko salama. Naomba tulijadili hili kwa kina, maana jibu hilo linawapeleka watu barabarani na mzigo ambao gari lao halikutengenezewa, na watoto wakiwa siti ya nyuma.

Tuanze na namba yenyewe. SUV nyingi za saizi ya kati zenye injini ya V6 zimepewa uwezo wa kuvuta pauni 5,000, yaani kilo 2,268. Toyota Highlander ya V6 ilikuwa hapo, na Honda Pilot ya V6 inayosukuma magurudumu yote manne iko hapo. Lakini Pilot ya magurudumu mawili ni pauni 3,500 (kilo 1,588), na Highlander ya haibridi nayo ni 3,500. Jina moja, bodi moja, uwezo tofauti kabisa. Kwa hiyo namba ya gari la rafiki yako haikuhusu hata kama mnafanana rangi. Tafuta ya kwako: mwaka wake, injini yake, na kama lilitoka kiwandani na vifaa vya kuvutia, hasa kipoza mafuta ya gia boksi.

Jambo la pili ni namna namba hiyo inavyopatikana. Kipimo kinachotumika Marekani, SAE J2807, kinahesabu dereva na abiria mmoja, kila mmoja kilo 68. Watoto hawamo. Mbwa hayumo. Baiskeli zilizofungwa juu ya paa hazimo. Kila kilo unayoongeza ndani ya gari inakula uwezo uliotangazwa.

Sasa fungua mlango wa dereva. Kwenye nguzo ya katikati kuna stika inayosema uzito wa watu na mizigo kwa pamoja usizidi kilo kadhaa. Hiyo ndiyo namba ya kuanza nayo, kwa sababu trela halivutwi tu, sehemu yake inabebwa. Ile shingo ya mbele ya trela inakandamiza kiunganishi cha gari, na uzito huo unahesabiwa kama mzigo uliopakia kwenye buti. Kwa matrela ya mtindo wa Amerika ya Kaskazini, uzito wa shingo unatakiwa kuwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa trela likiwa limepakiwa. Wengi hulenga 12 au 13.

Tupige hesabu. Chukulia stika inasema kilo 620.

Watu wazima wawili, kilo 160. Watoto wawili, 80. Viti vya kukunja, friji ndogo, mabegi ndani ya gari, 70. Kiunganishi chenye fito za kusambaza uzito (zinazorudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele), 35. Jumla 345. Umebakiwa na kilo 275 kwa ajili ya shingo.

Trela lenye uzito wa kilo 2,000 likiwa limejaa, kwa asilimia 13, linakupa shingo ya kilo 260. Umebakiwa na kilo 15, na bado uko "ndani". Hapa ndipo wengi wanapofunga daftari na kwenda kununua.

Lakini kuna namba nyingine. Kwenye kiunganishi chenyewe, au kwenye kitabu cha gari, kuna kikomo cha uzito wa shingo. Kwa magari mengi ya pauni 5,000 kikomo hicho ni pauni 500, yaani kilo 227. Zile kilo 260 zimeshapita. Ukirudi nyuma na hesabu hiyo, kilo 227 gawa kwa asilimia 13, unapata trela la kilo 1,746. Gari lililotangazwa kuvuta kilo 2,268 limefika mwisho wake kwenye trela la kama 1,700, na hapo hatujagusa mlima wala upepo.

Na stika za magari mawili ya jina moja zinatofautiana. Toleo la juu lenye paa la kioo na rimu kubwa ni zito zaidi, kwa hiyo uwezo wake wa kubeba mizigo unapungua. Ndiyo maana nasema stika ya gari LAKO.

#2

Mkuu, shukrani kwa uzi, ila naona umeweka ulinzi mwingi mno. Mimi gari langu ni 5,000, na trela tulilolipenda na mke wangu kipeperushi kinasema kilo 1,550. Nina zaidi ya kilo 700 za akiba. Shida iko wapi?

#3 Mleta uzi

Shida ni kwamba hizo 1,550 ni uzito wa trela tupu, na wewe hutalivuta tupu hata siku moja.

Uzito mkavu wa kipeperushi mara nyingi hauna betri, hauna gesi, hauna maji, na wakati mwingine hauna hata kiyoyozi kama kilihesabiwa kuwa kifaa cha ziada. Ongeza pole pole. Lita 120 za maji ni kilo 120, hapo hakuna mjadala. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa, kama kilo 34. Betri, kilo 27 hivi. Kiyoyozi cha juu ya paa, 40. Kisha sufuria, sahani, blanketi, nguo, chakula, mipira ya maji, waya za umeme, vipande vya mbao vya kuwekea chini ya magurudumu: kilo 200 zinafika bila kuziona. Umeshafika 1,971.

Kwa hiyo ukiwa unachagua, soma bamba la trela upande wa nje, kwa kawaida karibu na kona ya mbele kushoto. Pale kuna uzito wa juu kabisa ambao trela linaruhusiwa kufikia, kwa kifupi GVWR. Ichukulie hiyo kama ndiyo uzito wake. Ukiishi ndani ya hiyo namba hutashangazwa na kitu.

Maji unaweza kuyajaza ukifika, na hapo umeokoa kilo mia na zaidi. Ila angalia tangi liko wapi. Tangi likiwa nyuma ya ekseli, likijaa linaipunguzia shingo uzito. Likiwa mbele, linaongeza. Mwambie muuzaji akuonyeshe kwa mkono, ulale chini utazame mwenyewe.

#4

Naomba kuuliza wakuu. Mbona Ulaya wanavuta makaravani makubwa kwa magari madogo, na uzito wa shingo kwao ni kilo 75 hadi 100 tu? Wao fizikia yao ni nyingine?

#5 Mleta uzi

Swali zuri sana hili, na linachanganya wengi kwa sababu gari lile lile linaweza kuwa na uwezo mmoja Ulaya na mwingine Marekani.

Fizikia ni moja. Utengenezaji ndio tofauti. Karavani ya Ulaya inajengwa nyepesi, na vitu vizito kama jiko na friji vinakaa karibu na ekseli, si kwenye ncha mbili. Uzito ukiwa umekusanyika katikati, trela halina tamaa ya kuzunguka, kwa hiyo shingo nyepesi inatosha. Pia kiunganishi chao mara nyingi kina vibanio vinavyobana tufe (ile duara ya chuma inayoshika trela) na kuzuia mchezo wa kwenda kushoto na kulia.

Halafu kuna mwendo. Ujerumani gari lenye trela linatakiwa lisizidi kilomita 80 kwa saa, au 100 kama lina kibali maalumu. Uingereza ni maili 60 kwa saa kwenye barabara kuu, kama kilomita 96. Mtu wa Texas anaruhusiwa mwendo mkubwa zaidi ya huo, na namba za gari lake zimepangwa kwa kuzingatia hivyo.

Kosa ni kuchanganya: kuchukua kibali cha uzito cha kitabu cha Ulaya ukafunga trela la Marekani ambalo jiko liko mbele, kitanda kiko nyuma, na shingo inadai kilo 200. Kiunganishi cha kilo 100 hakitakubali. Fuata kitabu cha soko ambalo gari lako liliuzwa.

Waingereza wana utaratibu ambao naupenda kwa wanaoanza: uzito wa karavani iliyopakiwa usizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Si sheria, ni ushauri wa miaka mingi. Ukiupima kwa SUV ya kilo 2,000 unapata 1,700, namba ile ile tuliyoifikia kwa njia nyingine kabisa pale juu.

#6

Mimi ni fundi, niongeze mawili matatu.

Joto la gia boksi ndilo linaloua haya magari. Mtu anapanda mlima mrefu, gia inapanda na kushuka kila dakika, mafuta yanaungua, na miezi michache baadaye analeta gari linateleza gia. Kama lina kitufe cha hali ya kuvuta, kitumie. Kama halina, zuia gia ya juu kabisa. Na badilisha mafuta ya gia boksi mapema kuliko ratiba ya kawaida. Vitabu vingi vina ratiba ya pili ya matumizi magumu, na kuvuta trela ni matumizi magumu.

Pili, ukifunga springi ngumu au mifuko ya hewa nyuma, gari litanyooka, ndiyo. Lakini hujaongeza hata kilo moja ya uwezo. Ekseli ni ile ile, breki ni zile zile. Fito za kusambaza uzito ni kitu kingine: zinarudisha sehemu ya mzigo kwenye magurudumu ya mbele na nyingine kwenye ekseli ya trela. Shingo nzito ikikaa nyuma bila fito, pua ya gari inanyanyuka na usukani unakuwa mwepesi. Matairi ya mbele ndiyo yanayokata kona na kubeba breki nyingi, yasinyimwe uzito. Ila soma kitabu kwanza, kuna watengenezaji wanaokataza fito hizo kwenye baadhi ya magari yao, na kuna wanaozilazimisha ukivuka uzito fulani.

Tatu, plagi. Plagi ya pini nne inawasha taa tu. Trela lenye breki za umeme linahitaji pini saba na kidhibiti cha breki ndani ya gari. SUV nyingi za saizi hii hazitoki kiwandani na kidhibiti hicho. Nunua kile kinachohisi gari linavyopunguza mwendo na kufunga breki za trela kwa kiasi hicho hicho, si kile cha kuhesabu sekunde tu.

#7 Mleta uzi

Fundi, barikiwa. Hilo la magurudumu ya mbele kunyimwa uzito ningependa kila anayepita hapa alisome mara mbili.

Nigusie pia upepo, maana watu wanapima kilo peke yake. Ukishafika mwendo wa barabara kuu, kinachoitesa injini ni ukubwa wa uso wa trela unaosukuma hewa, kuliko uzito wake. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo: kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa, ukinzani unaongezeka kwa asilimia 56. Ndiyo maana trela refu la mita sita lenye dari la juu linaweza kunywa mafuta zaidi ya trela zito lakini fupi. Baadhi ya vitabu vya magari vina kikomo cha eneo la mbele la trela kwa mita za mraba, na wanunuzi wengi hawajawahi kulifungua hilo ukurasa.

Na kama njia zako ni za milimani, injini isiyo na turbo inapoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Kwenye mita 2,000 umeacha karibu moja ya tano chini.

#8

Trela likianza kuyumba kwa nyuma mtu afanye nini? Shemeji yangu lilimtokea lori lilipompita, hadi leo hataki kusikia habari za trela.

#9 Mleta uzi

Pole yake, linatisha kweli. Unasikia kwanza mkia wa gari unavutwa upande mmoja kwa upole, kisha upande wa pili kwa nguvu zaidi, na usukani wako haubadilishi kitu.

Achia mafuta. Shika usukani ukiwa umenyooka, usijaribu kukimbizana na trela kushoto kulia. Usikanyage breki za gari kwa nguvu, maana gari likisimama ghafla trela litaendelea kuja. Kama una kidhibiti, sukuma kile kitufe cha mkono kinachofunga breki za trela peke yake. Trela likivuta nyuma, linanyooka lenyewe.

Halafu ukisimama, tafuta sababu. Mara nyingi ni shingo nyepesi: mizigo mingi imewekwa nyuma ya ekseli, baiskeli zimening'inizwa mkiani. Ukishuka chini ya asilimia 10 kwenye trela la aina hii unajiitia matatizo. Sababu nyingine ni mwendo, na upepo wa lori ni cheche tu. Muulize shemeji alikuwa amepakiaje siku hiyo.

Urefu nao unachangia. Kanuni ya makadirio inasema gari lenye inchi 110 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kama mita 2.8, livute trela lisilozidi futi 20, na kila inchi nne za ziada zinakuongezea futi moja. Si sayansi kamili, lakini SUV nyingi za saizi ya kati zinaangukia hapo hapo, na mimi nisingevuka futi 20 kwa gari la namna hiyo.

#10

Basi tutajie aina, mkuu. Familia ya watu wanne.

#11 Mleta uzi

Kwa watu wanne ningeangalia trela la kukunja kwanza, lile ambalo kuta zake ni turubai na vitanda vinavutwa nje pande mbili. Linakaa chini wakati wa safari, upepo hauligusi, na unaona nyuma kwa kioo cha kati. Ubaya wake ni mvua: ukilikunja likiwa limelowa, lazima ulifungue tena nyumbani likauke, la sivyo ukungu.

La pili ni la faibaglasi lililoundwa kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, vikaunganishwa katikati. Mtindo huu ulijulikana kupitia trela la Boler, lililoanza kuundwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, na Scamp wa Marekani bado wanaunda hivyo. Mishono ni michache, kwa hiyo maji hayana pa kuingilia pengi, na ya zamani kabisa bado yako barabarani. Ni madogo, nakubali. Watu wanne watabanana.

Yale yenye umbo la tone ni ya watu wawili, tuyapite.

Linalobaki ni trela la kawaida la kuta za tabaka zilizogandishwa kwa gundi, futi 16 hadi 19 na ekseli moja. Ndilo utakaloliona kwa wingi sokoni na ndilo linalohitaji macho makali ukinunua lililotumika. Ingia ndani, funga mlango, nusa. Harufu ya unyevu haifichiki. Bonyeza kwa kidole gumba chini ya kona za madirisha na kwenye kona za juu za kabati. Mbao iliyooza inazama. Tembea polepole sakafuni karibu na mlango na choo. Toka nje, simama kwenye kona ya trela utazame ukuta kwa pembeni jua likiwa limelala: ukiona mapovu, tabaka zimeachana, na kulirekebisha hilo ni kuvua ukuta mzima. Ondoka.

Tairi usitazame kashata zake, tazama tarehe. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za trela zinakufa kwa umri zikiwa bado zinaonekana mpya, na baadhi zina kikomo cha mwendo cha maili 65 kwa saa, kama kilomita 105.

#12

Nimerudi, mimi wa #2. Nimesoma stika: kilo 598. Kiunganishi kimeandikwa pauni 500. Lile trela la kilo 1,550 bamba lake linasema 2,040. Mke wangu ameumia kidogo kwa sababu ya bafu lake, ila tumekubaliana kuliacha. Tumeona jingine la futi 17, bamba linasema 1,680. Hapo je?

#13 Mleta uzi

Asilimia 13 ya 1,680 ni kilo 218. Kikomo chako ni 227. Toa 218 kwenye 598, umebakiwa na 380 kwa ajili ya watu, mizigo na fito. Mpo wangapi? Kama ni wanne wa kawaida, linaingia, ila vitu vizito viwe ndani ya trela juu ya ekseli, si kwenye buti.

Kabla ya kulipa, omba ulipime. Lifunge kwenye gari, familia yote ndani, nendeni kwenye mizani ya malori. Pima kila ekseli pamoja na trela, kisha gari peke yake, halafu linganisha na stika na bamba. Muuzaji mwenye trela safi hatakataa hilo. Na hakikisha trela linakaa sawa na ardhi likiwa limefungwa, lisielekeze pua juu; kama limenyanyuka, badilisha kile kipande cha kushikia tufe kwa kinachoshuka zaidi.

#14

Wanne ndiyo. Tunakwenda kupima Jumamosi, nitaleta namba hapa.